Mzee Mwenye Swichi Kifuani

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na Karatu nzima ilimjua kwa jambo moja: hakuwahi kumpima mtu mara mbili. Ukiingia mlangoni alikuwa ameshakuona kiuno na mabega. Alikuzungushia futi kamba mara moja, kwa heshima tu, akakuambia urudi Ijumaa. Ijumaa suruali ilikuwa haijaisha. Lakini suruali ilipoisha, ilikukaa kama umezaliwa nayo.

Alikuja kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, na cherehani ya kukanyaga na sanduku moja la nguo. Alipanga chumba karibu na soko, akaanza kushona sare za shule, majoho ya kwaya na kaunda suti za walimu wakuu. Mimi ni kitinda mimba wake. Mama alipofariki, na ndugu zangu walipokwenda kutafuta maisha Arusha na Dar, nilibaki naye mimi. Tangu hapo akawa ananiita mama. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, na mengine niliyapigia deki.

Mkono wa kulia ulianza miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Mwanzoni ilikuwa kidole gumba na cha shahada tu, vikisuguana vyenyewe alipokuwa amekaa. Fundi anayesugua vidole hamshangazi mtu, ulidhani anapima kitambaa. Halafu mishono ikaanza kwenda upande. Alimshonea mwalimu mkuu mmoja suruali ambayo mshono wake wa pembeni ulipinda kama barabara ya kupandia kreta ya Ngorongoro. Mwalimu aliirudisha. Baba akaipokea, akaigeuza nje ndani, akamwangalia kwa huruma.

"Mwalimu, huu ndio mtindo wa Nairobi sasa."

Mwalimu aliondoka nayo. Haikupita muda, walimu wawili wa Rhotia, kijiji jirani, wakaja kuagiza kama ile.

Lakini mtindo wa Nairobi hauwezi kufunika kila kitu. Watu walimwona akitembea kwa hatua ndogondogo, kama anapita kwenye matope yasiyoonekana, na uso wake uliokuwa mwepesi wa kucheka ukawa haukunjuki. Wakaanza kusema ni pombe. Wazee wa kanisa wawili walikuja nyumbani kumwonya. Niliinuka kumimina chai, Baba akanizuia.

"Kaa, mama. Wageni wangu nawahudumia mwenyewe."

Akamimina chai ya maziwa kutoka kwenye birika hadi kwenye vikombe, kisha kutoka kwenye vikombe hadi kwenye mapaja ya wazee wa kanisa. Aliomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, akawaongezea. Wazee wale waliondoka mapema, na mawaidha ya pombe hayakurudi tena.

Shangazi yangu naye alikuja kutoka Kilimanjaro na maelezo yake: kuna mtu amemroga kaka yake kwa sababu ya mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Alitaka tumpeleke kwa mtaalamu mmoja huko nyumbani. Baba akamwambia kama ni mpaka, basi aliyeroga amekosea shabaha, kwa sababu kihamba kile alishamwachia mdogo wake, na mdogo wake hatetemeki.

Mwisho nilimpeleka hospitali mwenyewe. Daktari alimwangalia akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, akampa kalamu aandike jina lake. Herufi ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Zilizofuata zikaendelea kupungua, hadi ya mwisho ikawa kama sisimizi anayeingia shimoni. Daktari akasema huu ni ugonjwa wa Parkinson. Alitueleza taratibu kwamba kuna sehemu ya ubongo inayotengeneza kemikali ya kuongoza mwendo wa mwili, na kwa Baba sehemu hiyo inachoka. Si pombe, wala si mtu. Vidonge vya kusaidia vipo, lakini kuvipata ni kuagiza Moshi.

Njiani tulipita soko. Baba akasema, "Umesikia lakini. Ni ubongo. Mama yako alikuwa anasema sina."

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye lodge ndogo ya mwisho wa mji, kwenye barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Baba, kwa kuwa kazi zilikuwa zimepungua, alikuwa anakuja mchana kunisubiri. Kunisubiri, ndivyo alivyosema. Ukweli ni kwamba alikuwa anakuja kucheza drafti na askari wetu wa getini, Mwiraqw wa upande wa Mbulu, mtu mtaratibu ambaye hakuwahi kudanganya na hakutegemea kudanganywa. Walikuwa na ubao wa plywood, na kete zao zilikuwa vizibo vya soda. Kila mara Baba alipokaribia kushindwa, mkono ule uligonga ubao na vizibo vikatawanyika hadi kwenye maua.

"Mzee, umefanya makusudi."

"Mimi ni mgonjwa."

"Mbona ukiwa unashinda huumwi?"

"Furaha ni dawa. Muulize daktari."

Askari akatunga sheria kwamba Baba atacheza kwa mkono wa kushoto na kuukalia wa kulia. Baba aliukalia kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu akasema umekufa ganzi, na daktari amekataza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, msimu wa kiangazi, vumbi jekundu limejaa hata kwenye daftari la wageni, walipofika wale Waholanzi wawili, mume na mke. Walikuwa wamelipia siku nne. Mume alikuwa mrefu, miguu ya korongo, umri wa Baba au kumzidi kidogo, na alisema kwa sauti ya chini sana hata ikabidi niiname juu ya kaunta kumsikia. Alikuwa daktari wa meno mstaafu. Mke wake alikuwa mdogo kwake, mwepesi, na ndiye aliyeshika pasi, funguo, dawa na mkoba.

Siku ya pili walirudi kutoka kreta alasiri, wamejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Mke akaenda kuoga na kupumzika. Mume akabaki barazani na soda yake. Baba alikuwa anainuka kwenye benchi la getini, na kama kawaida miguu iligoma. Alisimama pale ameinama kidogo, mkono unacheza, akisubiri miguu ikubali. Yule mgeni aliweka soda chini.

"Yule mzee ni nani?" akaniuliza kwa Kiingereza.

"Ni baba yangu."

"Ana miaka mingapi na Parkinson?"

Nilishtuka. Sikuwa nimemwambia, na Karatu jina hilo tulikuwa tunalijua daktari, mimi na Baba tu. Mgeni hakungoja jibu. Alivuka ua kwa hatua zake ndefu, akaketi kwenye benchi pembeni ya Baba, na mimi nikamfuata ili nitafsiri. Askari alisogea kuwapisha.

Mgeni alisema, "Mwambie na mimi ninao."

Baba akamtazama juu hadi chini. Akatazama mikono yake iliyotulia magotini. "Mwambie hongera, wake ni mpole."

Mgeni akafungua vifungo viwili vya shati. Chini kidogo ya mtulinga kulikuwa na kinundu cha ukubwa wa kiberiti, kimelala chini ya ngozi. Akashika kidole cha Baba akakipitisha juu ya kinundu, kikapanda shingoni na kuzunguka nyuma ya sikio, ambako waya ulipita chini ya ngozi kama kamba ndani ya pindo la kaptura. Kisha akainamisha kichwa, akamwonyesha makovu mawili kwenye nywele chache zilizobaki. Alieleza kwamba waya zile zinaingia ndani ya ubongo, mahali pale penye kasoro, na kile kinundu ni mashine yenye betri inayopeleka umeme mdogo mdogo saa zote, usiku na mchana. Umeme ule ndio unaotuliza mkono.

Baba hakuwahi kuvutiwa na kreta wala tembo. Kovu lilimvutia. Alilikagua kwa karibu, pua inakaribia kugusa kifua cha mtu.

"Nani amekushonea?"

"Daktari wa upasuaji, kwetu."

"Mwambie anajua kazi. Mshono umelala vizuri. Ila hapa mwisho alikuwa na haraka."

Nilipotafsiri, mgeni alicheka hadi akashika ubao wa drafti. Alisema na yeye alimwambia daktari wake hivyo hivyo.

Akaendelea kusimulia. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, wagonjwa wa meno walikuwa wakimwona anakuja na sindano, wanakumbuka kwamba jino limeacha kuuma. Akafunga kazi. Miaka ikapita, vidonge vikawa vinamsaidia saa moja na kumwangusha saa inayofuata, ndipo madaktari wakamshauri mashine. Siku ya upasuaji walimfunga kichwa kwenye fremu ya chuma, wakamchoma ganzi, wakatoboa fuvu, na muda mwingi alikuwa macho. Walimwambia ahesabu namba kurudi nyuma, ashike kikombe, afumbue na kufumba kiganja, huku wao wanatafuta mahali penyewe. Walipopafikia, mkono ukaacha. Hapo hapo. Alisema alilia, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimefungwa, machozi yakamwingia masikioni.

Baba alisikiliza tafsiri hadi mwisho. Halafu akaniambia, bila kumwangalia mgeni, "Huyu ni muongo."

"Baba!"

"Mwambie nimesema amependeza. Lakini ni muongo. Mtu anatobolewa kichwa akiwa macho, halafu anakuja kuangalia viboko?"

Mgeni akauliza Baba anasemaje. Chuo cha hoteli kilinifundisha kumfurahisha mgeni na Baba alinifundisha, kwa maneno tu, kutosema uongo, nikatafuta katikati.

"Anasema angependa kuona ushahidi."

Mgeni akageuka kuangalia mlango wa chumba alimolala mke wake. Yale macho ya utundu niliyajua. Nimeishi nayo nyumba moja miaka yote. Akatoa kwenye mfuko wa koti kidude kama rimoti ya redio, akakibandika juu ya kinundu, akabonyeza.

Kwa muda wa salamu moja ya kueleweka hakikutokea kitu. Kisha kidole gumba cha mkono wake wa kulia kikaanza kusugua cha shahada. Kikafuata kiganja, kikafuata mkono mzima, kisha goti, kisha kidevu. Benchi likaanza kugonga ukuta wa kibanda. Askari alisimama, akavua kofia.

Baba hakucheka. Alimtazama mzungu yule jinsi mtu anavyotazama picha yake mwenyewe ya zamani aliyoisahau. Akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akaushika wa mgeni unaotetemeka, na miwili ikawa inatetemeka pamoja, kila mmoja na mwendo wake. Hapo ndipo akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu mama afariki. Mgeni naye akacheka, na vizibo vya soda vikaanza kurukaruka ubaoni vyenyewe, vikidondoka kimoja kimoja.

"Basi mwambie awashe," Baba akasema akifuta machozi. "Nimeamini."

Hapo tukapata shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Mashine ikiwa imezimwa, mgeni hakuweza kukishika kidude kile kwa utulivu akiweke mahali pake. Alikibandika begani, kikateleza. Alikibandika shingoni. Kikadondoka chini ya benchi, mimi nikapiga magoti kukitafuta kati ya vizibo.

"Bonyeza chochote!" Baba akaniambia.

"Usibonyeze chochote!" mgeni akaniambia kwa Kiingereza, kwa wakati ule ule.

Nilipoinua kichwa niliona miguu miwili yenye soksi, bila viatu. Mke wake alikuwa amesikia benchi. Alinyoosha mkono, nikampa kidude, akakiweka juu ya kinundu na kubonyeza mara moja. Mtetemo ukapungua, ukapungua tena, kama feni iliyozimwa, ukaisha. Kisha akaanza kumgombeza mume wake kwa Kiholanzi. Sikujua hata neno moja na sikuhitaji mkalimani. Alipomaliza naye akanigeukia mimi, halafu askari, halafu Baba.

Baba, mtu wa miaka zaidi ya sitini na tano, alijikokota akasimama. "Shikamoo," akamwambia.

Yule mama akakaa. Akaniuliza kama baba yangu anatumia dawa. Nikasema ndiyo. Akauliza saa ngapi. Nilimtafsiria Baba, naye akaangalia barabarani kama kuna mtu anamtarajia.

"Baba, unameza saa ngapi?"

"Jumapili."

"Saa ngapi Jumapili?"

"Kabla ya ibada. Na siku za drafti."

Nilikuwa sijui. Vidonge alivitunza mwenyewe kwenye kopo la vifungo, na mimi nilidhani anameza kama alivyoandikiwa. Kumbe alikuwa anavihifadhi kama suti ya sikukuu, avitoe siku ya kuonekana na watu. Siku nyingine alikaa nyumbani amekakamaa, akisema ni baridi ya Karatu. Niliona aibu kwamba mgeni wa siku mbili amegundua nilichokuwa nalala nacho nyumba moja. Yule mama hakutuonea huruma hata mmoja wetu. Alichukua karatasi, akaandika kwa herufi kubwa barua ya kupeleka kwa daktari wetu, akisema mzee huyu hajawahi kuitumia dawa ipasavyo, kwa hiyo hakuna anayejua bado kama inamfaa au haimfai. Alimwambia Baba, kupitia kwangu, kwamba mume wake alipewa mashine baada ya miaka mingi ya kumeza vidonge kwa saa, na hata sasa bado anameza.

"Mwambie nimesikia," Baba akasema. Kisha, kwa sauti ya chini kama vile yule mama angeelewa Kiswahili, "Mkali huyu. Amekaa kama mama yako."

Kesho yake wazee wawili wakawa marafiki wasioachana. Mgeni alijua mchezo wa kwao unaofanana na drafti, akataka kucheza na askari. Mke wake alikuwa ameweka kile kidude kwenye mkoba wake, na mkoba ulikuwa mapajani mwake barazani. Lakini Baba alimfundisha mgeni kitu kingine, kwa ishara tu, mimi nikiwa nimekwenda kupokea simu. Niliporudi, askari alikuwa na kete mbili za king na anakaribia kummaliza mgeni. Mgeni akanyoosha mkono kucheza. Mkono ukaanza kutetemeka vibaya sana. Ukapiga ubao, vizibo vikaruka.

Baba akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Ugonjwa huu, bwana."

Askari hakuokota vizibo. Alikaa anafikiri, na alipofikiri hakuna aliyeweza kumharakisha.

"Huyu anaigiza," akasema.

"Unamwambia mgeni muongo?" Baba akauliza.

"Mzee, mimi nimekaa mbele ya mkono wako miaka mitatu. Mkono wako unatetemeka ukiwa umepumzika gotini. Ukiunyoosha kuchukua kete, unapungua. Wa huyu ulikuwa umetulia gotini, ukaanza kutetemeka ulipofika kwenye kete. Huo si ugonjwa."

Nilimtafsiria mgeni. Aliinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akasema hata madaktari wanafunzi wa kwao huchelewa kuliona hilo. Askari lakini hakuwa amemaliza. Alimgeukia Baba polepole.

"Kwa hiyo, Mzee. Kama mkono wako ukinyooshwa unapungua..."

Baba alipata ghafla haja ya kuangalia vumbi la gari lililokuwa linatoka upande wa geti.

"...ubao ulikuwa unapinduliwa na nani miaka yote hii?"

Na mimi, nikiwa nimesimama pale na daftari la wageni, nikaikumbuka ile chai ya wazee wa kanisa, iliyokuwa imetua kwenye mapaja yote manne bila kukosea. Nikaingia ndani kuchekea jikoni.

Siku ya mwisho Baba hakuja mchana, alikuja asubuhi, na kifurushi. Usiku uliotangulia mgeni alilalamika mbele yake kwamba mkanda wa kiti cha Land Rover unamkwaruza juu ya kinundu, na barabara ya kwenda Serengeti ni mashimo matupu. Baba alimeza kidonge alfajiri kwa saa aliyoandikiwa na daktari, kama yule mama alivyotaka. Mimi nilimtungia uzi, kwa sababu tundu la sindano lilikuwa limeshamshinda. Nilishangaa nilipomwona kwenye cherehani. Miguu ile iliyogoma kila mlango, ilipopanda kwenye pedali ilikwenda bila kusita, chini juu, chini juu, kama haikusikia habari za daktari. Alishona kimto cha kitenge, laini, chenye vishikizo viwili vya kufungia kwenye mkanda. Mshono ulipinda. Alitaka kuufumua, nikamwambia gari linaondoka saa mbili.

Mgeni akakaa ndani ya gari, akakifunga kwenye mkanda hapo hapo, akauvuta, akaufyatua, akauvuta tena. Akamshika Baba mkono.

Baba ndipo akaniambia, "Muulize hiyo mashine inawekwa wapi. Muulize kama na mimi."

Hakuwa anatania. Nilitafsiri. Mgeni alimtazama mke wake, kisha akajibu kwa ukweli, akisubiri nimalize kila sentensi. Alisema hajui mahali karibu panapofanya kazi hiyo. Alisema upasuaji wenyewe si kazi kubwa kuliko kuirekebisha mashine baadaye: alikuwa amerudi kliniki mara nyingi mno wakipandisha na kushusha ule umeme, na betri ikiisha atapasuliwa tena kifua. Alisema haimfai kila mgonjwa. Na haiponyi. Inatuliza mkono na kulegeza miguu, lakini bado anaanguka wakati mwingine, na sauti yake, kama tulivyoisikia, ilikuwa inafifia. "Tena sauti nilikuwa naipenda," akasema. "Nilikuwa naimba kwaya."

Baba aliitikia kwa kichwa, polepole. "Mwambie asante kwa kutonidanganya." Kisha akampigapiga kile kimto kama anavyompiga mteja begani. "Mwambie arudi Ijumaa nimrekebishie mshono."

Gari likaondoka. Askari akafunga geti. Baba alikaa kwenye benchi muda mrefu, na siku hiyo hakuna aliyegusa ubao.

Barua tuliipeleka. Daktari aliisoma, akacheka kidogo alipofika mahali fulani, akapanga dozi upya. Nikaweka kengele kwenye simu ya mkononi, mara nne kwa siku. Sitasema Baba alipona. Alianza kufunga vifungo vyake mwenyewe, akakata kitambaa tena, akarudi kuwadanganya wateja kuhusu Ijumaa. Miaka kadhaa vidonge vilimbeba vizuri, baadaye vikaanza kuchoka naye, na mwishoni nilikuwa nampigia pasi, namlisha na kumgeuza. Mashine hakuipata.

Alichokipata ni kitu cha kusimulia. Ndani ya mwezi mmoja soko zima lilijua kwamba pale lodge alilala mzungu mwenye swichi kifuani. Habari ilipofika buchani ikawa ana redio. Kwenye mashine ya kusaga ikawa redio hiyo inashika taarifa ya habari. Baba alisahihisha pale tu alipoona uongo wa mwenzake unazidi wake. Na hivyo hivyo, kwa sababu ya ile redio, siku moja akaja mama mmoja kutoka Rhotia, mke wa mkulima wa mahindi na maharage, amepanda pikipiki ya kuazima kwa jirani. Aliuliza yuko wapi fundi aliyeshika kifua cha mzungu.

Mume wake alikuwa anatetemeka mwaka wa pili sasa. Ndugu walisema amelaaniwa, akawekwa chumba cha nyuma, wageni wakija mlango unarudishwa. Baba hakumwacha amalize. Alivaa kaunda suti yake nzuri, tukaenda Rhotia siku ile ile.

Tulimkuta mtu mpana, mdogo kwa Baba, ameketi kitandani na uso usiosema kitu. Alipojaribu kutoka aligandia kizingitini. Mke wake akaanza kumvuta mkono.

"Usimvute," Baba akasema. Akalaza fimbo yake sakafuni, mbele ya miguu ya yule bwana. "Usitembee. Ruka. Hapo kuna mbuzi amelala."

Yule bwana akaitazama fimbo. Akanyanyua mguu, akaruka mbuzi, akawa nje kwenye jua, anapepesa macho.

Wiki iliyofuata tulimpeleka hospitali. Foleni ilikuwa ndefu hadi kwenye korido. Wawili wale walikaa bega kwa bega, mikono inacheza, na watu wakawaachia nafasi kubwa kuliko walivyohitaji. Baada ya muda yule bwana akamgeukia Baba, akamuuliza kwa sauti ndogo sana kama atapona.

Baba aliyewadanganya walimu wakuu, wazee wa kanisa na askari alifikiri kidogo.

"Hapana," akasema. "Lakini chooni utakwenda mwenyewe."

Yule bwana akaanza kucheka. Kicheko kilimtoka kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Mke wake, aliyekuwa ameshika kadi ya hospitali, aligeukia dirishani na kuinua ncha ya khanga hadi machoni. Muuguzi akaita jina, nao wakainuka, wote watatu, wakaingia.